Muulize mwandishi alichokifuta

SWALI: "Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Huu ni mwaka wa nne naandika riwaya. Nimefika ukurasa wa 90 wa daftari la kaunta, na sura ya kwanza nimeiandika upya mara kumi na moja. Nimehudhuria mazungumzo ya waandishi, nimesikiliza mahojiano yao mengi mtandaoni, na kila mmoja ana lake. Huyu anasema andika kila siku hata ukiwa na homa. Yule anasema usiguse kalamu mpaka hadithi ikukabe koo. Mmoja hupanga sura zote kabla ya kuanza, mwenzake anadai kupanga ni kuiua hadithi. Nijifunze vipi kwa watu hawa bila kuvurugwa kichwa? Na je, ni adabu kumwomba mwandishi mkubwa anisomee mswada?"

JIBU: Mwalimu, ugonjwa wako umeutaja mwenyewe kisha ukaupita: sura moja, mara kumi na moja, wakati riwaya haina mwisho. Wale wanaopingana hawajakudhuru kiasi hicho. Tuwamalize wao kwanza, ndipo tuje kwenye sura yako.

Wote wanasema kweli. Kila mmoja anakutajia dawa iliyomponya, ila hasemi alikuwa anaumwa nini. Anayekuambia usipange huenda ameshaandika riwaya nane. Mpango umemwingia vidoleni kama fundi cherehani wa miaka thelathini, anayekata kitambaa bila kuchora kwa chaki. Anayesisitiza kila siku huenda aliwahi kupoteza miaka miwili akingoja msukumo. Kwa hiyo ukisikiliza mahojiano, achana na ushauri wenyewe, sikiliza mazingira yaliyouzaa. Mshahara wake ulitoka wapi? Saa zipi zilikuwa zake? Nani alikuwa anapika?

Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, ni mfano mzuri. Watu hupenda kusimulia kwamba aliandika kabla ya alfajiri, na vijana wengi wamejilazimisha kuamka saa kumi usiku kwa sababu yake. Lakini katika mahojiano ya mwaka 1993 alieleza chanzo: alikuwa mhariri katika kampuni ya Random House, New York, na alikuwa analea wanawe wawili peke yake. Muda pekee usio na mwenyewe ulikuwa kabla watoto hawajaamka na kuita mama. Baadaye kabisa, maisha yalipobadilika, ndipo akagundua kwamba kichwa chake kweli huwa safi asubuhi. Kilichotangulia ni dhiki. Tabia ilikuja nyuma yake.

Na usidanganyike kwamba mwandishi wa kweli hana ajira. Shaaban Robert aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, akahama ofisi baada ya ofisi za serikali ya kikoloni mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Naguib Mahfouz, aliyepata Nobeli mwaka 1988, alikuwa mtumishi wa serikali ya Misri hadi alipostaafu 1971. Abdulrazak Gurnah alifundisha Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, Nobeli ikaja 2021. Wewe na chaki yako mko kwenye kundi la kawaida kabisa.

Aliyetuachia hesabu za wazi kuliko wote ni Mwingereza Anthony Trollope. Alifanya kazi Posta hadi 1867, na nyingi ya riwaya zake za mwanzo na zile zilizompa jina aliziandika akiwa bado mtumishi. Tawasifu yake, iliyotoka 1883 baada ya kifo chake, inasomeka kama daftari la karani. Saa kumi na moja na nusu asubuhi alikuwa mezani. Mtumishi wake mzee aliongezewa pauni 5 kwa mwaka kwa kazi moja: kumwamsha na kumletea kahawa. Nusu saa ya kwanza alirudia alichoandika jana, akikisikiliza kwa sikio. Kisha aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Alikuwa na shajara ya kila wiki ambamo alijaza idadi ya kurasa, kila ukurasa maneno 250; wastani wake ulikuwa kama kurasa 40 kwa wiki, wiki mbaya 20, na wiki moja aliwahi kufikisha 112.

Wasomaji wa habari hii hukimbilia ile saa ya mezani. Mimi ningekuelekeza kwenye pauni tano. Trollope hakuutegemea utashi wake. Aliweka mtu mwingine katikati yake na usingizi. Kwako mtu huyo anaweza kuwa mlinzi wa shule anayekufungulia maktaba saa kumi na mbili kasoro robo, au mwenzako wa chumba cha walimu mliyekubaliana kwamba kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na robo alasiri hakuulizi kitu. Mpe soda kila Ijumaa. Mpango unaomhusisha mtu wa pili hudumu. Ule wa kujiapiza peke yako hufa wiki ya mitihani ya majaribio. Cha pili cha kuchukua kwake ni ile nusu saa ya kusoma kwa sikio, na hicho karibu hakuna anayekichukua.

Idadi ya maneno yenyewe usiinakili. Graham Greene alijulikana kwa maneno 500 kwa siku, na Stephen King, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uandishi, anataja 2,000. Hizo ni hesabu za Kiingereza. Neno letu moja, "hatutawaambia", kwao ni maneno matano. Mtu anayejilazimisha 2,000 kwa Kiswahili anajitwika mzigo mzito kuliko wa King bila kujua, na dalili yake huonekana haraka: ukurasa unajaa "kwa hakika", "kwa kweli", "katika hali ya", vijazio vya kumfikisha mtu kwenye namba. Kwa mwenye vipindi na marundo ya madaftari ya kusahihisha, 250 kwa siku ni kazi halali. Ni kama ukurasa mmoja wa kaunta kwa mwandiko wa kawaida.

Piga hesabu. Maneno 250, siku tano kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, ni 50,000. Kitabuni hizo ni kurasa kama 180. Wiki 12 nilizoacha nje ni za mitihani, misiba, malaria na kuchoka. Zitakuja, zipe nafasi yao mapema. Kikao kimoja dakika 45: kumi za kusoma kwa sauti ya chini ulichoandika jana, thelathini za kuandika kipya, tano za mwisho kuandika mstari mmoja wa nini kitatokea kesho. Hizo tano za mwisho ndizo zinazokuokoa. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alikuwa akiacha kazi akiwa bado anajua kinachofuata, na sababu yake ni ya kivitendo: anayeacha akiwa amekauka hukaa kesho yake mbele ya karatasi tupu, na mtu mwenye dakika 30 akitumia 25 kukumbuka alikuwa wapi, siku imekwisha.

Kinachoharibu ratiba za namna hii mara nyingi ni deni, kuliko uvivu. Umekosa Jumanne, Jumatano unajidai 500. Unapata 300, Alhamisi unadaiwa 450. Ikifika Ijumaa daftari unaliona kama barua ya benki, unalikwepa wiki tatu. Kanuni ni kwamba siku iliyopita haidaiwi. Jumatano ni 250 kama Jumatano nyingine yoyote.

Na kwa kuwa unaandika kwa mkono: andika upande wa kulia tu, wa kushoto uache wazi kwa masahihisho. Weka namba za kurasa. Kila Ijumaa piga picha kurasa za wiki na ujitumie kwa barua pepe. Riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe ilikuwa nakala moja tu ya mkono alipoituma London kwa posta ili ipigwe taipu; ikakaa huko miezi bila jibu, hadi bosi wake wa redio, aliyekuwa likizo Uingereza, alipokwenda mwenyewe ofisini kuidai. Kitabu hicho kilitoka 1958 kwa nakala 2,000 za kwanza. Kingeweza kuishia kwenye kona yenye vumbi ya ofisi ya watu.

Sasa, swali lako la kujifunza. Mwandishi anapozungumza ukumbini anatoa kauli, na kauli husafishwa. Hata asiye mwongo husahau miezi aliyokwama na hukumbuka siku ilipomjia sentensi ya kwanza. Nyayo, yaani alichokiacha kwenye karatasi, hazisahau. Hemingway alisema, katika mahojiano yaliyochapwa 1958, kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake *A Farewell to Arms* aliuandika upya mara 39. Mwaka 2012 likatoka toleo lililobeba miisho iliyopatikana kwenye karatasi zake. Ni 47. Yule anayejulikana kwa kuhesabu maneno yake ya kila siku naye alikosea hesabu, na tena kwa kupunguza. Ona pia kilichokuwa kinarudiwa: mwisho, wakati kitabu kizima kimeshasimama.

Nyayo unazozifikia wewe, bila nauli kubwa, ni za namna tatu. Barua kwanza: tunazo barua za Shaaban Robert za 1931 hadi 1958, alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, zilizotolewa kitabuni na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Mtu hamwandikii ndugu yake kama anavyohutubia ukumbi. Zisome ukiwa na kalenda ya vitabu vyake pembeni. Utaona kwamba mswada kumalizika na kitabu kutoka ni mambo mawili yenye umbali. *Kufikirika* ilichapishwa 1967. Mwenyewe alikuwa amefariki 1962.

Tafsiri ni za pili. *Paradise* ya Gurnah ilitoka 1994, na Ida Hadjivayanis akaifasiri kwa Kiswahili kwa jina *Peponi*, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Weka vitabu viwili mezani, chukua ukurasa mmoja tu, uone sentensi ndefu ya Kiingereza ilipokatwa, ilipoachwa, na neno gani la pwani limerudi nyumbani kwake. Saa mbili za kazi hiyo zina faida kuliko semina ya siku nzima.

Ya tatu ni kitabu chenyewe, na hapa, Mwalimu, taaluma yako inakuponza kidogo. Umezoea kukisoma kwa fani na maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu kwake na kutofaulu kwake. Huo ni usomaji wa mla pilau. Unajua kama imeiva, hujui bizari iliingia lini. Fundi mwenzake huuliza mambo ya chini zaidi: kwa nini barua ile imefika sura ya nne, isifike ya pili? Kwa nini mlango unafunguliwa na mtoto na si na mama mwenye nyumba? Kwa nini ukurasa huu hauna mazungumzo hata mstari mmoja?

Fanya hivi. Chagua sura moja ya kurasa 12 hadi 15 katika riwaya unayoipenda; iliyomo kwenye kabati la shule yatosha. Laza kaunta kwa upana, chora safu sita: ukurasa, mahali, waliopo, nani anataka nini, nini msomaji anajua ambacho mhusika hajui, na tukio linaishaje. Jaza kila tukio. Kisha hesabu vitu vitatu: mistari mingapi inapita kabla mtu wa kwanza hajasema neno, mara ngapi hisia imetajwa kwa jina lake, kama huzuni, hasira, furaha au wivu, na aya ya mwisho inafunga jambo au inafungua. Kwa kawaida jioni mbili zinatosha. Halafu fanya vilevile kwa sura yako ya tano, si ya kwanza.

Utakachokikuta karibu nakiona. Safu ya "nani anataka nini" itakuwa na matundu kwako, na hisia zimetajwa kwa majina kila ukurasa. Tuseme umeandika: "Asha alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu mume wake alikuwa ameondoka na hakujua kama angerudi." Sentensi haina kosa la sarufi, ungeipa vema mwanafunzi. Lakini msomaji hana cha kufanya, ameshaambiwa. Jaribu: "Asha alipakua sahani mbili. Akaitazama ya pili, akairudisha sufuriani, punje kwa punje." Maneno ni machache zaidi, huzuni haikutajwa, na mume hayupo bila kuambiwa kwamba hayupo. Tena "akairudisha sufuriani" inatuambia kwamba nyumba hii wali hautupwi. Kazi hiyo, ya kutafuta sahani mahali pa huzuni, ndiyo inayojaza masahihisho ya mwandishi mzoefu. Haionekani kwenye kitabu kilichokwisha, kwa sababu huzuni ilishafutwa.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuuliza ukumbini, usiulize alipata wapi msukumo. Ameulizwa hivyo mara mia na ana jibu lililokwisha kukaushwa jikoni. Uliza kwa namba na kwa vitu: Uliondoa nini baada ya mhariri kusoma? Sura inayofungua kitabu ndiyo uliyoanza kuiandika? Mswada ulikaa kwa mchapishaji miezi mingapi kabla ya jibu? Nani aliusoma wa kwanza na alisema nini kilichokuudhi? Kipengele gani cha mkataba wako wa kwanza usingekitia saini leo? Mtu akiulizwa jambo lenye ukubwa wa kiganja hujibu kwa ukweli wa kiganja. Andika jibu lake palepale, pamoja na mwaka anaouzungumzia, maana alichofanya miaka ya themanini kwa taipureta na karatasi kaboni hakihamii chote kwenye simu yako.

Lile la mkataba usione aibu kuliuliza, hata kama ukumbi utaguna. Maisha ya mwandishi yana hesabu, na wengi huzijua baada ya kusaini. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000. Duka limepewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea 6,000. Mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya jalada ni shilingi 1,000 kwa nakala; asilimia 10 ileile ya mapato ya mchapishaji ni 600. Kwa nakala 500, tofauti ni shilingi 200,000, na yote imejificha kwenye maneno mawili ya mkataba. Tazama pia mkataba unachukua lugha zipi, kama umebeba redio na filamu, taarifa ya mauzo inatoka mara ngapi kwa mwaka, na haki zinakurudia lini kitabu kikiisha dukani bila kuchapwa tena. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Mkataba usio na mwisho unaweza kuwafunga wajukuu. Na anayekudai pesa ili "akuchapishie" ni mpiga chapa. Hakuna ubaya kumtumia, alimradi umwite kwa jina lake na udai nakala zako zote.

Turudi kwenye sura ya kwanza. Huwezi kuimaliza, na sababu si udhaifu wako. Sura ya kwanza ni ahadi, na hujui bado unaahidi nini. Ukifika mwisho utagundua kwamba yule mjomba wa ukurasa wa pili hana kazi, na kwamba mto uliouelezea kwa aya mbili ndimo mtu atakamozama, kwa hiyo ulistahili mstari mmoja zaidi au mmoja pungufu. Kila ulipoiandika upya ulikuwa unapiga pasi shati ambalo halijakatwa mikono. Chukua toleo la kumi na moja, liweke kwenye bahasha ya kaki, liweke gundi, mpe mtu akutunzie. Endelea kutoka ukurasa wa 91. Ukikumbuka la kurekebisha nyuma, liandike kurasa za mwisho za kaunta, mstari mmoja tu: "Uk. 14, jina la dada libadilike, sasa anaitwa Rehema." Usirudi kulibadilisha. Kuanzia ukurasa wa 91 andika Rehema kana kwamba amekuwa Rehema siku zote.

Rasimu ikifika mwisho, ifungie. King anashauri angalau wiki sita, na muda huo una maana: lazima usahau kiasi cha kusoma sentensi yako kama ya mtu mwingine. Likizo ya Juni au ya Desemba inakutosha. Baada ya hapo soma yote kwa siku mbili au tatu bila kalamu, ndipo uifungue bahasha. Kikosi cha wasomaji wanne kitakufaa kipindi hicho, lakini si lile kundi la WhatsApp ambamo kila aya hupigiwa makofi arobaini ya vidole. Watu wanne, kurasa kumi zilizochapwa, na kila mmoja anaweka alama mbili tu: hapa nimechoka, hapa sijaamini. Mwandishi anakaa kimya. Akianza kujitetea kikao kimeharibika, kwa sababu hatakuwepo kumtetea mhusika kwa msomaji wa Kigoma.

Ukihitaji tarehe ya kukusukuma, tuzo zinasaidia. Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa. Ichukulie kama siku ya mwisho ya kukabidhi kazi. Ushindi ukija ni bahati njema.

Na kumwomba mwandishi mkubwa akusomee? Ni adabu, ukiomba kidogo. Kosa la kawaida ni kumtumia mtu picha tisini za daftari usiku, na chini yake "naomba maoni". Kusoma mswada mzima kwa makini ni kazi ya siku kadhaa. Hiyo ni ajira ya mhariri, uliza bei na ulipe. Wapo waandishi wasiosoma miswada ya watu kabisa, wakiogopa kesho kuambiwa waliiba wazo, na hilo usilichukulie kama dharau. Barua inayoweza kujibiwa inafanana na hii:

"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili mkoani Morogoro. Riwaya yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nafuatilia namna ulivyomficha baba wa mhusika mpaka sura ya saba bila msomaji kujiona amedanganywa. Nami nina mhusika niliyemficha, lakini nahisi anaonekana mapema. Nimeambatisha kurasa tatu zilizochapwa. Naomba unionyeshe mahali pamoja tu ambapo siri imevuja. Ukikosa nafasi nitaelewa, wala sitakusumbua tena. Kazi njema."

Imetaja kitu kimoja alichokifanya yeye, ikaleta shida moja ya kwako, kurasa tatu, swali linalojibika kwa sentensi mbili akiwa foleni ya benki, na mlango wa kutokea. Umeahidi kutomsumbua, kwa hiyo kimya chake kikipita miezi miwili, hilo ndilo jibu; mwandikie mwingine. Akijibu, shukuru kwa mstari mmoja na usimtumie kurasa nyingine tatu kesho yake. Mahali alipoonyesha paamini hata kama sababu aliyotoa hukubaliani nayo: kama fundi amejikwaa, kuna kisiki, ingawa huenda si kile alichokidhania.

Ila kurasa hizo tatu zisitoke sura ya kwanza. Hiyo imepigwa pasi mara kumi na moja, ataisifu, na hutajifunza kitu. Mpelekee za 60 hadi 62, ulizoandika usiku mmoja na hujazirudia tangu siku ile.